Muulize Bi Forodha: Al Capone, pombe ya magendo na daftari lililomfunga

Toleo lililopita nilikuwa namjibu mwenye duka mmoja wa Chumbageni juu ya kutunza daftari la mauzo. Katikati ya jibu nikachomeka sentensi moja: kwamba Al Capone, jambazi wa Chicago aliyehusishwa na mauaji chungu nzima, mwisho wa yote alifungwa kwa kukwepa kodi. Mwenye duka karidhika na jibu lake. Ninyi wengine mmeniandikia kana kwamba nilikuwa jirani yake Capone. Haya, leo hatugusi ushuru wa mitumba wala mashine za risiti. Leo ni Marekani ya marufuku ya pombe, na nitaisimulia kama mtu aliyekalia kiti cha forodha hapa bandarini Tanga mpaka kustaafu, yaani kwa kuangalia mzigo na karatasi zake. Bunduki mmeziona vya kutosha kwenye sinema.

Shikamoo Bi Forodha. Hapa kijiweni tumebishana. Mwenzangu anasema Marekani haijawahi kupiga marufuku pombe, ni hadithi za filamu tu. Mimi nasema iliwahi. Tumewekeana soda. Nani amlipie mwenzake? – Dereva wa bodaboda, Makorora

Marahaba mwanangu. Mwenzio akulipie, na iwe ya baridi.

Marufuku ilikuwepo, tena haikuwa amri ya kufunga vilabu saa nne usiku. Iliandikwa ndani ya Katiba. Marekebisho ya 18 yaliidhinishwa Januari 16, 1919, yakaanza kazi mwaka mmoja baadaye, Januari 17, 1920. Yakadumu karibu miaka 14, mpaka Desemba 5, 1933, yalipofutwa na Marekebisho ya 21. Sheria ya kuyatekeleza ilipewa jina la mbunge wa Minnesota, Andrew Volstead, ingawa mkono mkubwa katika kuiandika ulikuwa wa Wayne Wheeler, wakili wa chama cha kupinga mabaa kiitwacho Anti-Saloon League. Kinywaji chochote chenye kilevi zaidi ya nusu ya asilimia moja kikahesabiwa pombe. Hata bia nyepesi ikaenda na maji. Rais Woodrow Wilson aliikataa sheria hiyo, Bunge likaipitisha hivyo hivyo, Oktoba 1919.

Nani aliitaka? Wanawake kwanza. Walikuwepo wake waliongoja mshahara wa Jumamosi ukaishia kaunta, na tangu mwaka 1874 walikuwa na chama chao cha Kikristo cha kupiga vita ulevi. Makanisa yakawaunga mkono. Wenye viwanda nao walitaka wafanyakazi wasiolewa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na wenye viwanda vikubwa vya bia wengi walikuwa na majina ya Kijerumani. Hapo nani angewatetea?

Lakini kuna sababu moja ambayo sisi watu wa ushuru ndio tunaiona haraka. Kabla ya 1913 serikali kuu ya Marekani ilikuwa inaishi kwa ushuru, na ushuru wa pombe ulikuwa fungu kubwa la mapato yake. Mwaka 1913 ikapata ruhusa ya kikatiba ya kutoza kodi ya mapato. Kuanzia hapo hazina iliweza kuiaga pombe bila kulala njaa. Hiyo kodi ya mapato ikumbukeni, tutakutana nayo chini.

Na hili mwambie mwenzio mkinywa soda: Al Capone alizaliwa Januari 17, 1899. Siku marufuku inaanza, alikuwa anatimiza miaka 21.

Je, mtu akikutwa anakunywa alifungwa? – Msomaji, Muheza

Hapana. Kosa lilikuwa kutengeneza, kuuza, kusafirisha, kuingiza na kutoa nje. Kunywa kwenyewe hakukukatazwa, na chupa ulizonunua kabla ya sheria kuanza uliruhusiwa kuzimaliza nyumbani kwako. Matajiri walijaza maghala yao mapema. Maskini hakuwa na cha kujaza.

Salaam aleikum dada. Nina duka la dawa Ngamiani. Nimesikia enzi hizo maduka ya dawa Marekani yaliuza wiski kihalali. Inawezekanaje? – Mama Dawa

Aleikum salaam. Iliwezekana kabisa, na ndipo wajanja walipopata mlango. Sheria ilimruhusu daktari kumwandikia mgonjwa wiski kama dawa: painti moja, yaani karibu nusu lita, kila siku 10, kwenye fomu maalumu ya serikali. Vilevile divai ya ibada iliruhusiwa kwa mapadri na marabi. Unaweza kufikiria jinsi Wamarekani walivyougua ghafla, na jinsi walivyomcha Mungu.

Aliyeusukuma mlango huo kwa bega ni George Remus. Alikuwa mfamasia kwanza, kisha wakili wa kesi za jinai Chicago. Aliwatetea wauza pombe, akaona wanatoa faini kwa kuhesabu noti kutoka mfukoni, akaisoma Sheria ya Volstead mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta ufa ukutani. Akahamia Cincinnati, karibu na maghala makubwa ya wiski iliyokuwa imefungiwa. Akanunua viwanda vya wiski pamoja na shehena yake. Akanunua kampuni za dawa ili apate vibali vya kuitoa wiski ghalani. Malori yake yakatoka na karatasi safi kabisa, na njiani yakavamiwa na majambazi. Majambazi hao walikuwa vijana wake mwenyewe! Mzigo ukatoka kwenye vitabu kama mali iliyoibwa, ukaingia sokoni bila ushuru.

Nimeona mengi kwenye dawati langu, lakini mtu anayejiibia mwenyewe barabarani kwa utaratibu wa kila wiki, huyo sijamwona.

Alifungwa mwaka 1924. Akiwa gerezani, mke wake akaanza mapenzi na mmoja wa maofisa waliomchunguza, na mali ikauzwa. Oktoba 6, 1927, siku ya kesi ya talaka, Remus akamfuata mkewe mpaka kwenye bustani moja Cincinnati akampiga risasi. Akajitetea mwenyewe mahakamani, baraza la wazee likasema alikuwa na wazimu. Haukupita mwaka mzima akawa huru. Naikatisha hapa, maana nikiendelea itakuwa safu ya ndoa.

Dada, mimi ni nahodha mstaafu wa majahazi, nimepita kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Nieleze hao Wamarekani waliingizaje pombe kwa bahari na walinzi wapo. – Nahodha, Pangani

Nahodha, barua yako nimeisoma nikacheka, maana najua mkono wa mtu anayejua jibu. Pwani yetu kuanzia mpakani Horohoro, Moa, Mkinga, kushuka mpaka kwenu Pangani, mikoko imesitiri bandari bubu ngapi? Sukari, mafuta ya kula, vitenge, vyote vimepita usiku. Mimi na wewe pengine tulikuwa pande mbili za mkoko mmoja. Tusichimbe.

Wenzetu walianza na jambo jepesi. Mamlaka ya Marekani baharini iliishia maili tatu kutoka ufukweni. Meli ikipakia pombe Nassau, visiwa vya Bahamas vilivyokuwa chini ya Waingereza, au Saint-Pierre, kisiwa cha Wafaransa karibu na Newfoundland, ilikuwa imebeba mali halali yenye karatasi halali. Ikaja ikatia nanga nje kidogo ya maili tatu, mkabala na New York na New Jersey, ikangoja. Usiku boti za mwendo kasi zikatoka pwani kununua. Meli zikawa nyingi hata ule mstari ukapewa jina, Rum Row. Wengine walining'iniza bei ubavuni mwa meli kama sokoni Mgandini.

Nahodha aliyesifika zaidi ni Bill McCoy, mjenzi wa boti kutoka Florida, mtu ambaye mwenyewe hakuwa mnywaji. Sifa yake ilikuwa kutochakachua. Mimi nampa sifa nyingine, ya ufungaji. Kreti za mbao ni nzito, zina pembe, zinagonga, zinakula nafasi. McCoy alizitupa. Akapanga chupa sita kwa piramidi, tatu chini, mbili katikati, moja juu, akazijaza majani makavu katikati, akazishonea ndani ya gunia. Hazigongani, zinarushwa mkono kwa mkono gizani bila kelele, na ngama ya meli inameza mzigo mwingi zaidi. Mpakiaji yeyote wa gati ya Tanga angeuelewa ufundi huo kwa kuutazama tu. Walimkamata Novemba 1923 nje ya pwani ya New Jersey, akakaa jela miezi kadhaa, akaacha biashara.

Sasa sikiliza lililofuata, maana hapa ndipo serikali ilipojikwaa. Mwaka 1924 Marekani ikakubaliana na Uingereza kwamba meli yenye kushukiwa inaweza kukamatwa umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani. Kwa hesabu ya kawaida ni kama maili 12. Walinzi wa pwani wakapewa na manowari kuukuu za jeshi la majini. Vizuri. Lakini nani aliyeweza kwenda maili 12 na kurudi usiku mmoja, kwenye bahari ya Atlantiki, akiwa na mzigo? Mvuvi mwenye kimashua chake hakuweza tena. Aliyeweza ni mwenye injini kubwa, redio, mawakala wa pwani na fungu la kuwapa polisi. Ulinzi ulipokazwa, wadogo wakatoka na magenge yakabaki peke yao sokoni. Binafsi naona mwaka huo ulifanya kazi ya kuyajenga magenge kuliko bunduki yoyote.

Na ukali ulizaa aibu pia. Machi 1929 meli ya walinzi wa pwani iliifukuza skuna ya Canada iitwayo *I'm Alone* mpaka katikati ya Ghuba ya Mexico, zaidi ya maili 200 kutoka nchi kavu, ikaizamisha. Baharia mmoja akafa. Kesi ilikwenda usuluhishi, na mwaka 1935 Marekani ikatakiwa kuomba radhi na kuilipa Canada dola 25,000.

Ila, nahodha, pombe nyingi ya Canada haikupita baharini. Ilipita mtoni. Kati ya Windsor, Canada, na Detroit, Marekani, kuna mto tu, na penye wembamba haufiki hata maili moja. Upande wa Canada, kiwanda kikubwa cha wiski cha Hiram Walker kimesimama ukingoni. Canada iliruhusu pombe kuuzwa nje, muradi karatasi zionyeshe inakokwenda. Basi karatasi zikaandikwa Cuba. Kaboti ka makasia, kreti chache ndani, kanagongewa muhuri asubuhi kwenda Cuba. Mchana kamerudi kuchukua mzigo mwingine wa Cuba. Jioni tena Cuba. Karani wa forodha anatazama, anasaini, anafungua ukurasa mwingine, kwa sababu kwa upande wake ushuru umelipwa na karatasi haina kosa. Nimekaa na muhuri mkononi maisha yangu ya kazi, na kila nikilikumbuka jambo hili naona aibu kwa niaba ya muhuri.

Majira ya baridi mto unapoganda, magari yalipita juu ya barafu, mengine yakatitia nayo. Canada ilifunga mchezo huo mwaka 1930, miaka 10 imekwishapita.

Ni kweli Al Capone alilisha maskini? – Mfuasi wake, Korogwe

Kweli. Mwishoni mwa 1930, ajira zimekauka Marekani nzima, alifungua mahali pa kugawa supu bure South State Street, Chicago. Mtu wa namna hiyo mimi huwa namwuliza swali la forodhani: mzigo umetoka wapi? Na wewe uliyesaini "mfuasi wake", jitafutie mtu mwingine wa kumfuata.

Shikamoo bibi. Niko kidato cha nne. Kitabu kimoja kinasema Capone alikamatwa na Eliot Ness, ofisa wa serikali wa kusimamia marufuku ya pombe, wewe unasema kodi. Na kwa nini asishtakiwe kwa mauaji? – Mwanafunzi, Tanga Mjini

Marahaba mjukuu wangu. Swali zuri, nitakaa nalo.

Anza na Chicago ya 1920. Bosi wa vichochoro alikuwa Jim Colosimo, mwenye mgahawa na madanguro. Mei 11, 1920 alipigwa risasi ndani ya mgahawa wake mwenyewe. Nafasi ikachukuliwa na Johnny Torrio, mtu mdogo wa umbo, mpole wa sauti, aliyemleta Capone kutoka Brooklyn, New York. Torrio ndiye aliyeiona biashara kama biashara. Alishirikiana na wenye viwanda vya bia vilivyokuwa vimefungwa, akaugawa mji kwa magenge, kila moja na mtaa wake, bei moja, bia kutoka kwake. Waliokubali walikula. Kwa kitambo kidogo bunduki zilinyamaza.

Zilipoanza tena hazikunyamaza. Mei 1924 Dean O'Banion, bosi wa upande wa kaskazini, alimwuzia Torrio hisa zake za kiwanda cha bia akijua polisi wanakuja kukivamia. Polisi wakaja, Torrio akakamatwa. Novemba 10 mwaka ule ule O'Banion akauawa ndani ya duka lake la maua, mkono wake umeshikwa kana kwamba anasalimiwa. Januari 1925 Torrio naye akapigwa risasi mbele ya nyumba yake. Alipona, akamwachia Capone kila kitu. Capone alikuwa na miaka 26.

Kwa nini asishtakiwe kwa mauaji? Mashahidi, mwanangu. Nani atasimama? Polisi wengi walikuwa kwenye orodha ya malipo. Katika mji wa Cicero, pembeni mwa Chicago, watu wa Capone waliingia kwenye uchaguzi wa Aprili 1924 na bastola vituoni. Na tukio kubwa kuliko yote, lile la Februari 14, 1929, wanaume saba walipangwa ukutani ndani ya gereji namba 2122 North Clark Street wakamiminiwa risasi, na baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi. Siku hiyo Capone alikuwa Florida, watu wamemwona. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo mpaka leo.

Sasa nikutambulishe kwa mtu ambaye sinema humsahau. Mabel Walker Willebrandt. Mwaka 1921, akiwa na miaka 32, aliteuliwa mwanasheria mkuu msaidizi wa Marekani, na mafaili yote ya marufuku ya pombe pamoja na kodi yakawekwa mezani kwake. Mwanamke, mwaka mmoja tu baada ya wanawake kupata haki ya kura nchi nzima. Aliyaona mafaili hayo mawili yamekaa pamoja, akayaunganisha. Kama hatuwezi kuthibitisha aliuza pombe, alifikiri, tuthibitishe alipata fedha na hakulipa kodi.

Sheria ya kodi ya 1913 ilizungumzia biashara halali. Ilipoandikwa upya 1916, hilo la uhalali halikurudishwa. Kulikuwa na muuza pombe wa South Carolina, Manley Sullivan, aliyesema: nikijaza fomu ya kodi nitakuwa nimejishitaki, na Katiba inanilinda. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani, Willebrandt akiwa upande wa serikali, na mwaka 1927 majaji wakasema mapato ya haramu nayo yanatozwa kodi, na Katiba haimpi mtu ruhusa ya kutojaza fomu. Siku ile Capone alifungwa nusu, ila hakujua.

(Willebrandt aliacha kazi 1929, akawa wakili wa kampuni ya wakulima wa zabibu waliouza maji ya zabibu ambayo, ukiyaacha nyumbani, yanageuka divai yenyewe. Wakili ni wakili.)

Kazi ya mikono ikafanywa na mkaguzi wa kodi, Frank Wilson. Capone hakuwa na akaunti ya benki kwa jina lake, hakusaini hundi, hakumiliki kitu kwenye karatasi. Kwa mtu wa hesabu, huyo ni mzimu. Wilson na wenzake wakachambua karatasi zilizonaswa miaka ya nyuma, na siku moja mwaka 1930 likatokea daftari ndani ya kabati. Lilikuwa la nyumba ya kamari ya Cicero. Humo faida imegawanywa kwa majina ya mkato, na mmoja wa wagawiwa ni "Al". Kamari, angalia, hata si pombe.

Daftari bila aliyeliandika ni karatasi tu. Wakalinganisha mwandiko na sahihi za watu wengi mpaka wakampata karani, Leslie Shumway, amejificha Florida. Akakubali kusema. Wakapata na mshika fedha. Wakaita wenye maduka waliomwuzia suti, samani na mikanda yenye vifungo vya almasi aliyowagawia rafiki zake. Mtu asiye na mapato anavaa almasi kiunoni kwa fedha ipi?

Juni 1931 Capone alikiri kosa, akidhani wamekwishapatana afungwe miaka miwili na nusu. Jaji James Wilkerson akasema mahakama yake haifanyi mapatano. Capone akafuta ukiri. Ikavuja habari kwamba watu wake wanawahonga wajumbe wa baraza la wazee wa mahakama. Asubuhi ya kesi, Oktoba 6, jaji akabadilishana wajumbe wote na jaji wa chumba kingine, na fedha ya Capone ikawa imekwenda kwa watu wasiohusika. Oktoba 17 akatiwa hatiani kwa makosa matano, Oktoba 24 akapewa miaka 11 na faini ya dola 50,000. Kodi aliyodaiwa kukwepa ilikuwa zaidi ya dola 215,000.

Na Ness? Alikuwepo, alivunja viwanda vya bia vya Capone kwa malori, na aliandaa mashtaka maelfu ya kuvunja marufuku. Hayakusikilizwa kamwe. Usimbishie mwalimu darasani kwa ukali, lakini kwenye mtihani andika kodi.

Bi Forodha, wewe mama mtu mzima, mwenye ushungi, unawasimulia watoto habari za walevi na wauaji. Huoni haya? Au unataka kusema kukataza pombe ni vibaya? – Mwenye uchungu, Mabawa

Haya ninayo, na pombe sijaionja. Kwangu imekatazwa na aliye juu kuliko Bunge lolote, na katazo hilo halijanipa tabu. Lakini kazi niliyofanya haikuniuliza napenda nini. Iliniuliza mzigo gani umepita na nani alilipwa ili upite.

Nikwambie ukweli pande zote. Unywaji ulipungua, hasa miaka ya mwanzo, na vifo vya ugonjwa wa ini vikapungua. Wale wanawake wa 1874 hawakuwa wajinga. Kilichoharibika ni kwamba serikali ilipitisha sheria kubwa ikawapa kazi watu wachache. Nchi ya watu zaidi ya milioni 100 ilianza na mawakala kama 1,500, mishahara midogo, wengi wameingia kwa kujuana na wanasiasa. Walikuwepo waaminifu. Wawili wa New York, Izzy Einstein na Moe Smith, walivaa kama wachimba makaburi, wavuvi, wapiga muziki, wakakamata watu kwa maelfu. Mwaka 1925 wakaachishwa kazi.

Kisha kuna sumu. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa marufuku hakungoja sifa, na laiti angetia maji. Walichukua spiriti ya viwandani, ile ambayo serikali iliamuru itiwe sumu ili isinyweke, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza. Serikali ikaongeza sumu. Krismasi ya 1926 watu walikufa New York, na mganga mkuu wa uchunguzi wa maiti wa jiji hilo, Charles Norris, akailaumu serikali hadharani. Mwaka 1930 dawa ya tangawizi yenye kilevi, iliyonywewa na maskini kwa sababu ilikuwa rahisi, ilichanganywa na kemikali iliyopooza miguu ya maelfu. Hao hawakupata risasi wala sinema. Wewe na mimi tumesikia wangapi walipofuka kwa gongo hapa hapa mkoani?

Na usidhani sisi tulikuwa nje ya habari hiyo. Septemba 1919, mjini Saint-Germain, Ufaransa, mataifa makubwa, Marekani ikiwemo, yalisaini mkataba wa kuzuia pombe kali ya biashara isiingizwe sehemu kubwa ya Afrika. Tanganyika ilipowekwa chini ya Waingereza, masharti ya udhamini yaliwataka wadhibiti uuzaji wa pombe kali. Matokeo yake Mzungu wa mashamba ya mkonge alikunywa wiski yake barazani, Mwafrika akakatazwa chupa ile ile kwa rangi yake. Babu zetu wakabaki na tembo la mnazi. Kwa hiyo ukinisikia napima sheria za kukataza, natazama kwanza imemkataza nani, na nani atakayeilinda kwa mshahara gani. Ulevi siutetei.

Bi Forodha, pombe iliporuhusiwa 1933, hao majambazi waliacha? – Mhudumu wa hoteli, Raskazone

Hawakuacha. Walikuwa wamekwishapata malori, mawakili, wahasibu na polisi wa mfukoni. Mwaka 1931, baada ya vita vya ndani New York ambamo mabosi wawili, Masseria na Maranzano, waliuawa mmoja Aprili na mwingine Septemba, Lucky Luciano alianzisha baraza la mabosi wa kugawana maeneo na kuamua magomvi. Ni mpango wa Torrio, umepanuliwa nchi nzima. Bia ilipoondoka mikononi mwao wakakaza kamari, riba, vyama vya wafanyakazi, dawa za kulevya. Huko Chicago warithi wa Capone waliwakamua wenye studio za filamu Hollywood kupitia chama cha mafundi wao, mpaka kesi ilipowafika 1943. Bugsy Siegel alikwenda jangwani Las Vegas, hoteli yake ya kamari ikafunguliwa Desemba 1946, na Juni 1947 akapigwa risasi.

Capone alitoka gerezani 1939, akiwa amepitia Alcatraz, akili imeliwa na kaswende. Alikufa Florida Januari 1947. Torrio, mwalimu wake, yeye alirudi New York akaishi kimya, na mwaka 1939 naye akaingia jela. Kosa? Kodi ya mapato.

Wale mliouliza ushuru wa magari yaliyotumika, barua zenu ninazo, nitazijibu toleo lijalo. Na anayetaka kunitumia picha ya hati ya mzigo, apige picha na nyuma pia. Watu husahau nyuma, na huko ndiko kwenye muhuri.